Fidla za vijana zisikwame mpakani

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuchangia kodi ya lori na wenzake anajua maana ya mzigo wa pamoja. Watu wanane wanakodi Fuso moja. Saba wana hati zote. Wa nane hana cheti cha uasili wa bidhaa, au jina lililo kwenye ankara halilingani na lililo kwenye kitambulisho. Lori lote linalala mpakani, na nyanya za watu saba zinaharibika kwa sababu ya karatasi ya mtu mmoja.

Okestra inakwenda kwa kanuni hiyo hiyo. Vijana hamsini wanakaa nusu duara, huyu na fidla, yule na tarumbeta, mwingine na ngoma. Mmoja akiingia kabla ya wakati wake, kazi ya wote inaharibika na kila aliyekaa ukumbini anasikia. Mtoto anayezoea kazi ya namna hiyo tangu ana miaka kumi anakua akijua jambo ambalo Jumuiya ya Afrika Mashariki imetumia makongamano mengi kulieleza: kwamba uzembe wa mmoja hulipwa na wote.

Kwa sababu hiyo okestra za vijana, ingawa zinaonekana kuwa mbali na gunia la mchele na katoni ya sabuni, zinawahusu watu wa mipakani. Zinawahusu kwa sababu nyingine pia. Chombo cha muziki ni bidhaa. Kikifika kwenye kizuizi kinaulizwa maswali yale yale: kimetoka wapi, kinakwenda wapi, thamani yake kiasi gani, kitarudi au kinauzwa?

Muziki kando ya jaa

Mfano ulio karibu ni wa Korogocho, mtaa wa mabanda mashariki mwa Nairobi. Mwaka 2008, Elizabeth Njoroge alianzisha hapo mafunzo ya muziki kwa watoto wachache, katika viwanja vya Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane. Mradi ukaitwa Ghetto Classics. Jirani yake ni jaa la Dandora, ambako moshi haukatiki na ambako watoto wengi wa eneo hilo huokota plastiki na vyuma chakavu ili nyumbani kupatikane chakula cha jioni.

Kabla ya hapo, muziki wa aina hii Nairobi ulikuwa na wenyewe. Chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire kimekuwapo tangu 1944, lakini mtoto wa muuza mitumba wa Korogocho hakuwa na njia ya kukifikia. Fidla ilikuwa kitu cha watu wenye gari. Mradi ulipoanza, wapo waliouliza mtoto mwenye njaa atafanya nini na klarineti.

Majibu yamekuja taratibu, kwa miaka mingi. Mamia ya watoto wamepita hapo, na mafunzo yamefika hadi Mombasa. Mtindo wa kufundisha ni ule ambao wauzaji wa rejareja wangeuelewa mara moja: aliyejua anamfundisha asiyejua. Kijana anayeweza kupiga wimbo mzima anapewa wadogo wa kuwaanzisha, na baadhi ya waliokulia kwenye mradi sasa ni walimu wanaolipwa. Mtaji hautoki nje ya duka, unazunguka na kuzaa.

Fedha nazo zina historia yake. Marehemu Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Safaricom hadi alipofariki Julai 2019, alikuwa mpenzi wa jazi na mpiga saksafoni. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilianzisha tamasha la kimataifa la jazi, na mapato ya tiketi yakaelekezwa Ghetto Classics. Mwaka huo huo ikaundwa Okestra ya Vijana ya Safaricom, inayowakutanisha watoto wa mitaa ya mabanda na watoto wa shule za ada kubwa. Mtoto wa Korogocho na mtoto wa Karen wanasoma karatasi moja ya muziki, na mwalimu akisema fidla ya pili haijakaa sawa, hataki kujua baba wa mtoto huyo ni nani.

Okestra zilizovuka kabla ya Jumuiya

Wasomaji wenye umri mkubwa kidogo, neno okestra likitajwa, hukumbuka dansi: Orchestra Maquis Original na Orchestra Makassy za Dar es Salaam, Orchestra Super Mazembe ya Nairobi. Hawakosei. Bendi hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kuufanyia kazi utangamano wa kanda, miaka mingi kabla ya Soko la Pamoja kuanza kutumika Julai 2010.

Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga wakavuka kwenda Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaunda Simba Wanyika. Samba Mapangala alitoka Congo, akapitia Kampala, akafika Nairobi mwaka 1977. Remmy Ongala alitoka Kindu akaingia Dar es Salaam mwaka 1978. Wote walifuata njia za wafanyabiashara, magari ya wafanyabiashara na nyumba za kulala wageni za wafanyabiashara. Walichouza kikapata soko kwa sababu wateja wa pande zote walielewa Kiswahili na walipenda gitaa.

Pwani ina habari ndefu zaidi. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohammed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni ili aje apige kasrini. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyodumu zaidi ya karne moja. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Udi, ganuni na fidla viliingia Unguja kupitia bandarini, kama vilivyoingia vitambaa na vyombo vya udongo. Leo hakuna anayesema fidla ya taarabu ni chombo cha wageni.

Kwa bahati njema, Zanzibar historia hiyo ilikuwa na alama yake mjini. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa miaka mingi kilifundishia katika jumba la forodha ya zamani, mbele ya bahari, Mji Mkongwe. Palipokuwa pakihesabiwa mizigo, vijana wakawa wanahesabu mapigo ya dumbaki. Kimefundisha wasanii wengi wanaoendeleza taarabu na ngoma za visiwani. Hata hivyo, mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza hadharani kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha, baada ya wafadhili kupunguza mkono.

Upande wa magharibi, Kinshasa, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani na ambaye ni mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha Okestra ya Kimbanguiste mwaka 1994. Yeye na wenzake hawakuwa wamesomea okestra. Fidla zilikuwa chache kuliko wanafunzi, wakapeana zamu. Mmoja akimaliza dakika zake anampa mwenzake. Uzi ulipokatika na duka halina, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Filamu iliyotolewa Ujerumani mwaka 2010 iliwatangaza duniani, wakaalikwa Ulaya na Marekani.

Congo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Ni wafanyabiashara wangapi wa Busia, Mutukula au Holili wamewahi kuisikia okestra hiyo ikipiga katika miji yao? Swali hilo haliulizwi ili kumlaumu mtu. Linaulizwa kwa sababu inashangaza kwamba wanamuziki wa kanda hii wanajulikana London kabla ya kujulikana kwa majirani.

Fidla kwenye kaunta ya forodha

Chukulia kwamba okestra ya vijana ya mji mmoja wa Kenya inaalikwa kupiga Arusha. Vijana arobaini, walimu wanne, basi moja la kukodi, vyombo arobaini. Kwa mtu wa mpakani, orodha ya maswali inajiandika yenyewe.

La kwanza ni watoto. Mwenye umri chini ya miaka 18 anayesafiri bila mzazi ni lazima aulizwe habari zake, na ofisa wa uhamiaji anayeuliza anafanya kazi yake vizuri, kwa maana usafirishaji haramu wa watoto upo. Kwa hiyo zinahitajika barua za wazazi, barua ya shule au ya mradi, hati za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Kosa la kadi moja linaweza kushusha basi zima.

La pili ni vyombo. Cheti rahisi cha uasili, kile ambacho wafanyabiashara wadogo hukitumia kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, hakiwezi kusaidia hapa. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Fidla nyingi za vijana hawa zimetengenezwa China, na tarumbeta zao ni za msaada kutoka Ulaya. Zikichukuliwa kuwa bidhaa za kuuza, zinaangukia kwenye viwango vya ushuru wa pamoja wa nje.

Njia halali ipo, na haina uchochoro. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, inaruhusu kitu kuingia nchini kwa muda bila kulipiwa ushuru, kwa sharti kwamba kitatoka tena ndani ya miezi 12. Ofisa anaweza kutaka dhamana. Tatizo ni kwamba utaratibu huo umezoeleka kwa mitambo ya ujenzi na vifaa vya maonyesho. Mwalimu wa muziki hajawahi kuusikia. Anafika kaunta na barua ya mwaliko na nia njema, na nia njema haijazwi kwenye fomu yoyote.

Mwisho wake unajulikana. Anatokea mtu pembeni anayejua mkato. Kiasi fulani kinatajwa. Mwalimu analipa kwa sababu onyesho ni saa kumi na mbili jioni. Vijana arobaini waliofundishwa kwa miaka mitano kwamba kila mmoja aingie kwa zamu yake wanakaa ndani ya basi wakijifunza somo jingine kabisa kuhusu Afrika Mashariki.

Hilo ndilo la kuhofiwa kuliko ushuru wenyewe. Kijana wa miaka 14 anaingia mpakani mara ya kwanza katika maisha yake. Atakachokiona siku hiyo ndicho atakachokiamini kuhusu mpaka akiwa na miaka 30, awe mfanyabiashara, dereva au ofisa aliyekaa nyuma ya kaunta hiyo hiyo.

Wanaopinga wana hoja

Kuna wanaosema kwamba kanda yenye upungufu wa madawati haina haki ya kununua chelo. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa, hasa ikitoka kwa mama anayelala mpakani na magunia ya maharage ili alipe karo. Lakini miradi hii haichukui fedha za madawati. Kwa kiasi kikubwa imeendeshwa na makampuni, makanisa, wafadhili na michango ya watu. Kinachoombwa kwa serikali hapa ni utaratibu ulio wazi, ambao gharama yake ni karatasi na mafunzo ya siku moja kwa maofisa.

Wengine wanasema fidla ni ya Wazungu na watoto wafundishwe zeze, marimba na ngoma. Wana ukweli nusu. Okestra isiyojua ngoma za mahali ilipo ni okestra ya kukodi. Lakini historia ya taarabu inaonyesha kwamba watu wa kanda hii hawajawahi kupokea chombo na kukiacha kilivyo. Wanakipokea, wanakikarabati, wanakiimbisha Kiswahili. Okestra ya vijana wa Namanga inayokaa fidla pamoja na zeze na ngoma haitakuwa jambo geni kuliko kikundi cha taarabu kilichoweka fidla pamoja na dumbaki.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Wachache sana kati ya vijana hawa watapata riziki kwa muziki. Hilo ni kweli, na mradi wowote unaowaahidi watoto umaarufu unawadanganya. Faida iko mahali pengine. Saa tisa alasiri, shule zikifungwa, mji wa mpakani unakuwa na watoto wengi wasio na pa kwenda. Mama yuko sokoni mpaka giza, baba yuko njiani na lori. Kilicho tayari kumpokea mtoto saa hizo ni kibanda cha kamari, bodaboda za njia za panya na wale wanaotafuta vijana wepesi wa kubeba mizigo usiku. Wafanyabiashara wanalijua jambo hili kuliko waziri yeyote, kwa sababu watoto wenyewe ni wao.

Chumba chenye mwalimu, saa maalumu na chombo ambacho mtoto anakabidhiwa kwa kuandikiwa jina ni mpinzani wa kweli wa vitu hivyo. Hakitawashinda vyote. Kikimshika mtoto mmoja kati ya watano hadi saa mbili usiku, tayari kimefanya kazi ambayo doria haiwezi.

Kinachowezekana kuanzia mwezi ujao

Kuna mambo manne ambayo hayasubiri mkutano wa wakuu wa nchi.

Kwanza, vyama vya wafanyabiashara wa mipakani na mawakala wa forodha wawasaidie walimu wa muziki kuandaa orodha ya vyombo. Kila chombo kiandikwe aina, rangi, jina la mtengenezaji, namba kama ipo na thamani ya kweli. Fidla nyingi za bei nafuu hazina namba, kwa hiyo picha yake na ya kibandiko kilicho ndani ya tumbo lake ziambatishwe. Orodha igongwe muhuri wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Wakala mzoefu anaifanya kazi hiyo asubuhi moja. Akiifanya bila malipo mara mbili kwa mwaka, hatafilisika.

Pili, idara za forodha za nchi wanachama zibandike kwenye vituo vya pamoja vya mpakani maelezo ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kuhusu vikundi vya vijana vya sanaa na michezo: hati gani zinahitajika, dhamana inatakiwa lini, nani wa kuulizwa. Kinachobandikwa ukutani kinamnyima kazi mtu wa pembeni.

Tatu, vyama vya akiba vya wafanyabiashara, vikoba kwa Tanzania na chama kwa Kenya, vitenge kidogo kwa ajili ya nyuzi, mianzi ya klarineti na posho ya mwalimu katika miji yao. Yaliyoikuta DCMA mwaka 2019 yanaonyesha hatari ya kumtegemea mfadhili mmoja au wawili wa mbali. Michango midogo ya watu wengi wa karibu hukatika kwa shida zaidi. Na kwa upande wa ukumbi, karibu kila soko la mpakani lina ghala linalokaa tupu Jumapili mchana.

Nne, tamasha la sanaa na utamaduni la Jumuiya, JAMAFEST, lililoanzia Kigali mwaka 2013 na kupita Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, lipewe okestra yake ya vijana. Vijana kadhaa kutoka kila nchi wakutane wiki tatu kabla, wale pamoja, wagombane, wapatane, wajifunze nyimbo za nchi wasizotoka. Tamasha la wiki moja ambalo kila nchi hupanda jukwaani peke yake na kushuka ni maonyesho ya majirani. Okestra moja inalazimisha majirani kusikilizana, kwa sababu bila kusikilizana hakuna wimbo.

Nchini Venezuela, José Antonio Abreu alianza mwaka 1975 na wanamuziki 11 katika gereji moja jijini Caracas. Mpango huo ukaja kuwafikia watoto kwa malaki na kumtoa Gustavo Dudamel, mmoja wa waongozaji wa okestra mashuhuri duniani. Nchi hiyo ilikuwa na mafuta, na serikali zake zililipa. Afrika Mashariki haina haja ya kunakili ukubwa huo. Ina kitu kimoja ambacho Abreu hakuwa nacho: mtandao wa wafanyabiashara wanaovuka mipaka kila siku, wanaojua kila dereva, kila wakala, kila nyumba ya wageni na bei ya kila kitu.

Mtandao huo ndio uliowabeba wapiga gitaa wa miaka ya 1970 na, kabla yao, mafundi wa udi na ganuni waliokuja na majahazi. Hakuna aliyewaomba kibali wafanyabiashara wa wakati huo kubeba muziki. Waliubeba kwa sababu ulikuwa ndani ya gari moja na bidhaa zao.

Basi la vijana likisimama kwenye kizuizi na mwalimu akaonekana hajui dirisha la kuanzia, mtu wa kwanza kumsogelea asiwe yule wa mkato. Awe mama mwenye magunia yake, aliyepita hapo mara mia mbili, wa kumwambia: mwanangu, anzia dirisha lile pale, na orodha ya vyombo ugongeshe nakala mbili.